Hodi ya Tatu

1

Mimi, Faraji Namtaki, niliyekuwa mwanafunzi wa Kidato cha Nne B katika Shule ya Sekondari Nanjihanga, bweni la Kaskazini, kitanda cha juu, nikiwa na akili timamu kwa mujibu wa daktari wa shule (ambaye kwa kweli ni mwalimu wa baiolojia mwenye kipimajoto), natoa maelezo haya ya namna nilivyobomoa nyumba kwa neno moja. Sikutumia nyundo. Sikugusa tofali. Nilisema "karibu", jambo ambalo nyumbani nilifundishwa kuwa ni adabu njema.

Kabla ya neno hilo, lakini, kulikuwa na Kobe.

Jina lake rasmi ni Mgeni. Limeandikwa ubavuni kwa rangi ya buluu, kwa herufi zenye kimo cha bweni letu. Sisi tulimwita Kobe kwa sababu ya mwendo: kilomita moja na nusu kwa saa, tena hapo ana haraka. Anatambaa kwa minyororo minane ya chuma kama ya katapila, na mgongoni amebeba roketi iliyosimama wima, mita mia moja na kumi kutoka mkiani hadi nchani. Huwezi kuilaza roketi ya namna hiyo ukaibeba kama gogo. Ngozi yake ni nyembamba, ingekunjika kwa uzito wake yenyewe. Kwa hiyo inasimama, na Kobe ana kazi ya kuhakikisha ncha haiyumbi kupita upana wa kiganja, hata akipanda kilima. Jeki za miguu yake hupanda na kushuka mchana kutwa zikisawazisha, kwa sauti kama ya mtu anayehema usingizini.

Kiwanda kiko bara, juu ya mwamba. Kituo cha kurushia kiko pwani, ili vipande vinavyodondoka vidondokee baharini. Kati ya hivyo viwili ni mgongo mmoja wa ardhi ngumu, kilomita sitini, na juu ya mgongo huo Shirika la Vyombo vya Anga lilimwaga kokoto za mtoni, zile za mviringo, kwa sababu kokoto za kupasuliwa hutoa cheche zikisagwa na chuma. Hakuna anayetaka cheche chini ya roketi.

Roketi yenyewe ilikuwa inakwenda Mirihi kutafuta maji. Naomba msomaji alikumbuke hilo la maji.

Shida ilikuwa moja: watu walikuwa wamejenga juu ya mgongo huo kabla ya Shirika kuzaliwa. Walipoambiwa wahame, wakalala barabarani. Polisi wakaja, wakachoka. Mwishowe ikatungwa Sheria ya Hodi, na wazee waliposomewa kifungu cha nne walicheza ngoma siku mbili: "Chombo kikifika uani kwa mtu kitabisha hodi mara tatu, na hakitapita bila sauti ya mwenye nyumba kukikaribisha." Akikaribisha, anapewa saa moja ya kutoa vyombo na nyumba mpya huko Makazi Mapya. Akinyamaza hadi hodi ya tatu, chombo kitazunguka kama mgeni yeyote mwenye haya, na kuzunguka maana yake ni kumwaga kokoto upya kwa wiki tatu.

Walidhani wameshinda. Hawakujua kwamba aliyependekeza hodi alikuwa mwanasheria wa Shirika, mtu wa huku huku, aliyelelewa kwa hodi na karibu kama sisi sote. Alijua kitu kimoja. Jaribu wewe mwenyewe: mtu akibisha hodi mlangoni kwako, nyamaza. Ulimi unaruka kabla kichwa hakijauliza ni nani. Katika kijiji cha kwanza nyumba kumi na moja kati ya kumi na moja zilijibu. Mzee mmoja alijibu akiwa chooni, na kwa sheria hiyo karibu yake ilikuwa halali kabisa.

2

Bi Somoe Nampunju alikuwa na nyumba ya tofali za kuchoma mita arobaini kutoka uzio wa shule, kisima cha mawe alichochimba na marehemu mumewe, na karai la mihogo ya kukaanga lililotulea tangu Kidato cha Kwanza. Tulinunua kupitia tundu la uzio, kinyume cha kanuni ya tisa ya shule. Sauti yake niliipata hapo. Ilikuwa kavu, ya puani kidogo, ikipanda mwishoni kana kwamba kila sentensi inachungulia dirishani.

Niliiga sauti hiyo kwa faida ya umma. Umma wenyewe ulikuwa mimi na rafiki yangu Chande. Nilijificha nyuma ya bafu nikapaza: "Mihogo imekwisha, wajukuu, kaleni madaftari!" Foleni ikatawanyika kwa huzuni, nasi tukabaki peke yetu na karai zima.

Bi Somoe alijua.

"We Faraji," aliniambia siku moja, akinipa kipande kupitia tundu. "Nasikia kuna Somoe wa pili huko bwenini."

"Nani tena, Bibi? Mbona mimi sijasikia?"

"Utasikiaje na wewe ndiye unayepiga kelele? Siku moja kinywa hicho kitakuposea mke usiyemjua."

"Awe anajua kupika tu, Bibi."

"Akupike wewe."

Wiki moja kabla ya Kobe kufika alituonyesha silaha yake. Ilikuwa kikombe cha bati, kimejaa maji ya kisimani.

"Akianza kubisha, najaza mdomo," alisema. "Ulimi ukitaka kuruka, utaogelea."

Chande, ambaye hupenda kuuliza maswali ya mtihani, akasema, "Lakini Bibi, kwa nini hutaki? Nyumba za Makazi Mapya zina umeme. Zina marumaru."

"Nikikupa sababu utaanza kuipima, useme hii nzito, hii nyepesi. Hapa ni kwangu. Basi."

Alimimina maji ardhini, akakipangusa kikombe kwa ncha ya khanga.

3

Kobe alifika siku ya Jumanne, saa nne asubuhi. Mwalimu Mbunda, mkuu wetu wa shule, alitupanga kandokando ya barabara, wanafunzi mia tatu kwa mistari, kila mmoja na kibendera. Shirika lilikuwa limetuahidi maabara. Kwa ajili ya maabara tuliimba beti sita za wimbo wa kumsifu Mgeni, na mimi niliongoza sauti ya pili.

Kobe akasimama mbele ya uzio wa miti wa Bi Somoe. Jeki zikatulia. Kivuli cha roketi kilikuwa kimelala juu ya paa, kikavuka kisima, kikaishia uwanjani kwetu. Kwenye ngazi ya ubavuni alisimama Injinia Kilasara, mama mwembamba mwenye kofia ya njano, msimamizi wa safari nzima.

"Hodi," Kobe akasema.

Waliichagua sauti hiyo kwa makusudi: ya kike, ya upole, ya shangazi aliyekuja na zawadi. Nikaona midomo mia tatu ikiumwa na meno. Mwalimu Mbunda mwenyewe alishasema "kari..." akajiziba mdomo kwa kibendera.

"Hodi."

Ndani kimya. Kuku mmoja alipita uani bila wasiwasi wowote.

"Hodi."

Baada ya hodi ya tatu Kobe huhesabu pumzi kumi. Masikio yake, vikombe vidogo vya chuma vilivyopangwa mbele, yalikuwa yanatafuta sauti moja tu, ile iliyochukuliwa Bi Somoe alipoandikishwa. Kila mtu alikuwa ametumbua macho. Kilikuwa kimya kizito mno, kimya cha chumba cha mtihani, na mimi kimya cha namna hiyo huniwasha mwili.

Chande akaninong'oneza, "Oyaa, mwanangu, sasa hivi ingekuwa wewe ndiye Bibi..."

Hakumaliza. Simlaumu. Nilisema kwa sauti ya kutosha mstari wetu tu, sauti kavu, ya puani, ikipanda mwishoni:

"Karibu! Karibuni, piteni, nyumba ni yenu!"

Mstari ukaangua kicheko. Sikujua kwamba masikio ya Kobe husikia panya akitafuna mita mia mbili mbele yake. Taa ya kijani ikawaka juu ya herufi za buluu.

"Asante," Kobe akasema.

Mlango ukafunguka. Bi Somoe akatoka mbio, kikombe mkononi, mashavu yamevimba kama samaki bunju, akitikisa kichwa, akipunga mkono, akijinyooshea kidole mdomoni. Alikuwa hajajua kwamba sasa anaweza kuyatema yale maji. Pengine aliogopa kwamba akifungua mdomo ndipo neno lingetoka. Wanafunzi mia tatu wakacheka, wengine hadi wakakaa chini. Nami nilicheka. Hilo nalo liandikwe.

Hatimaye akayatema. "Si mimi! Sijasema kitu!"

Injinia Kilasara akashuka ngazi taratibu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sijasema kitu."

"Mashine imesikia, mama. Karibu ikishatolewa hairudishwi, ndiyo sheria. Una saa moja. Vijana wa shule watakusaidia kubeba."

4

Saa moja ina dakika sitini. Nilizitumia zote. Nilibeba kitanda, nikabeba vinu viwili, nikabeba karai. Katika kila dakika kulikuwa na nafasi ya kusema "ni mimi", maneno mawili, mepesi kuliko kinu. Nilimwona Mwalimu Mbunda, nikawaza maabara, nikawaza mtihani wa taifa uliobakiza wiki tano. Nikamwona Chande. Naye alinitazama, akatazama kando, akabeba kapu la vikombe.

Nilipopakia karai kwenye lori, Bi Somoe alinishika bega.

"Ahsante, mjukuu wangu," alisema. "Umejitahidi kuliko wote."

Kisha Kobe akapita. Hakuna kishindo, msidanganyike. Nyumba ya tofali chini ya mnyororo hutoa sauti kama mtu anayetafuna karanga mdomo ukiwa umefungwa. Kisima kilijifunga chenyewe, mawe yakaingia moja baada ya jingine, na kwa muda mfupi maji yalipanda juu ya kokoto, yakametameta, yakanywewa na ardhi. Juu kabisa, ncha ya roketi iendayo kutafuta maji haikuyumba hata upana wa kidole.

5

Sheria ilimpa mlalamikaji siku tatu. Bi Somoe alilalamika. Kama angeshinda, Kobe angerudi kiwandani kwa gharama ya Shirika, na nyumba na kisima vingejengwa upya palepale. Kobe alikuwa amesimamishwa nusu kilomita mbele akisubiri.

Kikao kilifanyika katika bwalo letu la chakula, lililonuka maharage ya jana. Msuluhishi alikuwa mzee wa wilayani mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Tuliruhusiwa kuhudhuria ili tujifunze uraia.

Injinia Kilasara aliweka mezani kisanduku kidogo cheusi. "Hili ni sikio la Mgeni, linafanya kazi vilevile kama yale ya mbele," alieleza, akabonyeza.

"Karibu! Karibuni, piteni, nyumba ni yenu!" kikasema kisanduku.

Bi Somoe aligeuza kichwa kama aliyeitwa na mtu nyuma yake.

"Sauti hii ni ya nani, mama?" Msuluhishi akauliza.

"Ni yangu." Akakunja khanga magotini. "Lakini nilikuwa na maji mdomoni."

"Muda wote?" Injinia akauliza, bila ukali.

"Muda wote."

"Inawezekana ulimeza kidogo, ukajibu, ukajaza tena? Watu wengi hawakumbuki, mama. Babu mmoja aliapa kwa msahafu kwamba hakujibu, na mkewe alikuwa amekaa hapo hapo akamsikia."

Bi Somoe akagusa mdomo wake kwa vidole viwili, polepole, kama mtu anayepapasa jino linalouma.

"Labda," akasema. "Labda nilimeza. Ulimi huu... miaka sabini unajibu. Labda ulinizunguka."

Nilikuwa tayari kumwona amekasirika. Nilikuwa tayari kwa kilio, kwa laana hata. Sikuwa tayari kuona mtu akianza kuutilia shaka mdomo wake mwenyewe kwa sababu yangu. Chande alinikanyaga mguu chini ya meza, kwa nguvu, maana yake kaa. Nikasimama.

"Namtaki, kaa chini!" Mwalimu Mbunda akafoka.

Sikuwa na hotuba. Nilitazama kisanduku nikasema, kwa sauti kavu, ya puani, ikipanda mwishoni:

"Karibu, wajukuu. Piteni."

"Asante," kikajibu kisanduku, na taa yake ndogo ya kijani ikawaka.

Safari hii hakuna aliyecheka.

"Ni mimi, Mheshimiwa," nikamwambia Msuluhishi. "Bibi hakusema kitu. Nilitaka mstari wetu ucheke."

Msuluhishi alivua miwani, akaivaa, akamgeukia Injinia. Injinia Kilasara alikuwa amefumba macho. Alipoyafumbua alichukua kitabu cha sheria, akakisoma kwa sauti ya mtu asiyefurahia anachokisoma.

"'Bila sauti ya mwenye nyumba kukikaribisha.' Sauti, Mheshimiwa. Haikuandikwa kinywa. Haikuandikwa mwenye nyumba mwenyewe. Kipimo kinasema hii ni sauti yake, na sasa hivi mbele yako kimesema tena."

"Hilo ni kosa la uandishi," Msuluhishi akasema.

"Ni kweli. Lakini ndilo lililopitishwa. Nina siku kumi na tisa za kurusha. Mirihi ikisogea, tunasubiri miaka miwili na ushee."

Yule mzee alikaa na kile kitabu muda mrefu. Alikigeuza nyuma, kana kwamba neno "kinywa" lingekuwa limedondokea kwenye jalada. Mwisho akaamua kwamba sheria, kama ilivyoandikwa, imetimizwa. Kwamba neno hilo lirekebishwe siku zijazo. Na kwamba mwanafunzi Namtaki aadhibiwe na shule yake. Wazee waliocheza ngoma siku mbili kwa ajili ya kifungu cha nne walikaa kwenye mabenchi yetu ya uji, wakisoma vidole vyao.

Bi Somoe hakumtazama Msuluhishi. Alinitazama mimi.

"Kwa hiyo nilimeza au sikumeza?"

"Hukumeza, Bibi."

"Hata tone?"

"Hata tone."

"Basi," akasema, akainuka.

6

Waliniita ofisini kwa mkuu. Nilitegemea fimbo, nikakuta chai ya maziwa na maandazi, jambo ambalo katika historia ya ofisi ile lilikuwa halijatokea. Mwalimu Mbunda alikuwa anatazama dirishani. Injinia Kilasara alinisogezea kikombe.

"Keti, mwanangu. Mbele kuna nyumba saba," alisema. "Watu wamejifunza kunyamaza. Wengine wanaweka maji mdomoni kama yule mama, wengine gundi ya karatasi. Neno lile litarekebishwa, ndiyo, lakini Bunge linakaa mwezi ujao." Akangoja. "Sauti ngapi unaziweza?"

Nikatazama maandazi.

"Sikuombi udanganye. Sheria inasema sauti, umesikia mwenyewe. Ukikubali, adhabu hakuna, mtihani utafanya, na ukimaliza kuna chuo chetu. Mtu mwenye sikio kama lako tunamhitaji. Kuna watu elfu nne wanakula kwa roketi hii, Faraji. Nami ni mmoja wao."

Nilimwamini. Hilo ndilo baya. Hakuwa shetani, alikuwa mtu mwenye siku kumi na tisa. Na nilikuwa nazo sauti hizo, nakiri. Wenye nyumba zile saba walikuja shuleni kila kikao cha wazazi, na baada ya kila kikao niliwaigiza bwenini, mmoja mmoja, kwa makofi.

"Mjibu Injinia," Mwalimu Mbunda akasema bila kugeuka. "Mjibu, kijana, usiniaibishe."

Nikachukua kikombe, nikapiga funda kubwa la chai, nikaliacha mdomoni. Mashavu yakavimba. Niliwatazama hivyo, mmoja baada ya mwingine, hadi chai ikapoa juu ya ulimi. Injinia Kilasara alielewa kabla ya mkuu. Alivaa kofia yake ya njano, akatoka bila kuniaga.

Nilifukuzwa shule kwenye paredi ya jioni ile ile, kwa utovu wa nidhamu na, kama ilivyosomwa, "kuchafua jina la maabara". Kobe aliondoka asubuhi. Kati ya zile nyumba saba, tatu zilijibu zenyewe. Nne zilinyamaza hadi mwisho, na Kobe hakuzunguka hata moja. Nilisikia baadaye kwamba kijana mmoja wa Kidato cha Tatu, mwigaji mzuri kiasi, alikuwa amepata nafasi chuoni.

7

Makazi Mapya ni safu za nyumba za tofali za kijivu, zote na mlango wa bati wa kijani, hivi kwamba watu hufunga vitambaa vitasani ili wasiingie kwa jirani. Maji ya bomba huja siku moja, hukosekana siku mbili. Nilifika mchana na sanduku langu la bati kichwani. Mlango wa Bi Somoe niliujua kwa kipande cha khanga yake. Karai lilikuwa limeegemezwa ukutani, kavu.

Nilikuwa nimetunga maneno njiani, kilomita zote zile. Yalikuwa mazuri. Kwa mara ya kwanza yalikuwa ya sauti yangu mwenyewe, ambayo nilipojaribu kuitumia niliikuta nyembamba, kama ya mtu nisiyemfahamu.

"Hodi," nikasema.

Ndani nilisikia kiti kikisogezwa. Kisha kifuniko cha mtungi kikiondolewa, na kikombe cha bati kikigonga ukingo wake, na maji yakichotwa.

"Hodi, Bibi. Ni Faraji."

Kimya. Niliona kivuli cha miguu yake chini ya mlango, karibu kabisa, upande wa pili wa bati.

"Hodi."

Nilihesabu pumzi kumi. Kisha nikabeba sanduku langu, nikazunguka.